Maneno ya Kiingereza yanayoshirikiana herufi: tuwafundishe watoto koo za maneno badala ya orodha za alfabeti

Mwalimu wa Ujiji aliandika:

Wanajukwaa, salaam.

Ninafundisha Kiingereza katika shule ya sekondari hapa Kigoma, na ninafungua uzi huu kwa sababu ya jambo ninaloliona kila wanapoingia wanafunzi wa kidato cha kwanza. Wengi wao wametoka katika shule za msingi za serikali, ambako walifundishwa kwa Kiswahili, na ghafla wanatakiwa kusoma baiolojia, fizikia na jiografia kwa Kiingereza. Msaada wa kwanza wanaopewa ni orodha ndefu ya msamiati iliyopangwa kwa alfabeti, ambayo huinakili nyuma ya daftari na kuikariri kwa jasho jingi. Baada ya mtihani wa majaribio sehemu kubwa imekwisha kusahaulika, na mtoto anabaki akiamini kwamba Kiingereza ni lugha isiyo na mpango wowote.

Siiamini imani hiyo, na inaniuma kuiona ikikaa katika vichwa vya watoto wenye akili. Maneno mengi ya Kiingereza yanayoshirikiana herufi fulani yanashirikiana pia maana, ama kwa sababu yametoka katika shina moja, ama kwa sababu yamevutana kwa mlio katika karne nyingi za matumizi. Mtoto anayesema Kiswahili ameshazoea jambo hili bila kuambiwa, kwa maana anajua kwamba msomi, somo, kisomo na usomaji ni ndugu. Anachohitaji ni kuonyeshwa mahali pa kutazama.

Tuanze na herufi "tw". Kila mwanafunzi anajua kwamba "two" ni mbili, na kila mwanafunzi hujiuliza ile "w" inafanya nini pale ilhali haitamkwi. Zamani ilitamkwa, na inasikika mpaka leo katika ndugu zake: "twin" ni pacha, "twice" ni mara mbili, "twelve" ni kumi na mbili, "twenty" ni makumi mawili, na "between" ni baina ya vitu viwili. "Twelve" yenyewe ina historia inayowafurahisha wanafunzi, kwa kuwa katika Kiingereza cha Kale ilikuwa na maana ya mbili zilizobaki baada ya kuhesabu kumi, kama vile "eleven" ilivyokuwa moja iliyobaki. Ukiendelea mbele unakuta "twine", kamba iliyosokotwa kwa nyuzi mbili, na "twist", kusokota, ambayo nayo inatokana na wazo la nyuzi mbili zinazozungushwa pamoja. "Twilight" ni ule mwanga hafifu ulio kati ya mchana na usiku, wakati ambapo mitumbwi yenye taa huanza kutoka Kibirizi kwenda kuvua dagaa. Mwanafunzi aliyefundishwa maneno haya pamoja kwa kipindi kimoja hana haja tena ya kukariri kwamba "two" inaandikwa kwa "w".

Ukoo wa pili ni wa "wr", ambao kwangu ndio mzuri kuliko yote. "Wring" ni kukamua nguo kwa kuisokota, "wrist" ni kifundo cha mkono, mahali mkono unapogeukia, "wrestle" ni kupigana mieleka, "wriggle" ni kujinyonganyonga kama mnyoo, "wrench" ni kupopotoa kwa nguvu na pia ni jina la spana, "wreath" ni shada la maua lililosukwa kwa duara, na "writhe" ni kugaagaa kwa maumivu. Hata "wrong", neno ambalo mwanafunzi huliona kila daftari lake linaposahihishwa, liliingia Kiingereza kutoka lugha ya kale ya watu wa Skandinavia likiwa na maana ya kitu kilichopinda. Kote humo kuna kupinda na kusokota. Jambo hili si uvumbuzi wangu, kwani John Wallis, mtaalamu wa hisabati wa Oxford ambaye ndiye aliyetuletea ile alama ya ukomo usiofikika inayofanana na nane iliyolala, aliandika sarufi ya Kiingereza kwa Kilatini mwaka 1653, na humo akaeleza kwamba maneno yanayoanza kwa "wr" huelekea maana ya upindaji, na yale ya "str", kama "strong", "strike" na "strength", huelekea maana ya nguvu.

Mwaka 1930 mwanaisimu wa Uingereza, J. R. Firth, aliyapa jina la kitaalamu makundi ya sauti ya namna hii, na tangu hapo wanaisimu wameyachunguza sana makundi mawili, "gl" na "sn". Katika "gl" kuna mwanga: "glow" ni kung'aa kwa kaa la moto, "glitter" ni kumetameta, "glimmer" ni mwanga hafifu unaopepesa, "glare" ni mwanga mkali unaoumiza macho, na "glisten" ni kung'aa kwa kitu chenye majimaji, kama dagaa wabichi jua linapochomoza. Katika "sn" kuna pua: "snore" ni kukoroma, "sniff" ni kunusa, "snort" ni kutoa pumzi puani kwa kishindo, "snout" ni pua ndefu ya mnyama kama nguruwe, "snuff" ni ugoro, na "sneer" ni kubeua kwa kukunja pua. Neno la kupiga chafya, "sneeze", ndilo ushahidi mkubwa kuliko yote, kwa sababu zamani lilianza kwa "fn" wala si kwa "sn". Mwanzo wa "fn" ulipotoweka katika Kiingereza, neno hilo lilihamia kwa ndugu wa puani na kuchukua herufi zao. Kundi la herufi linapoweza kulivuta neno lililotoka nje yake, basi wasemaji wa lugha hiyo wanaihisi maana ndani ya herufi zile, hata kama hawawezi kuieleza.

Wanafunzi wakiona shaka, huwarudisha nyumbani. Memeta, metameta, meremeta: je, si mng'aro mtupu? Nyata, nyatia, nyemelea, nyamaza: je, hamsikii ukimya na uangalifu? Darasa likishayatamka maneno haya kwa sauti, mjadala wa kama jambo hili lipo au halipo huwa umekwisha.

Sehemu ya pili ni ya herufi zisizotamkwa, ambazo wanafunzi huzichukia kwa sababu wanaziona kuwa ni mitego ya mtihani. "Knee" ni goti, "knot" ni fundo, "knuckle" ni kifundo cha kidole, "knob" ni kirungu cha kitasa, "knead" ni kukanda unga. Ile "k" ilitamkwa mpaka kwenye karne ya 17 hivi, na Wajerumani, ambao lugha yao ina asili moja na Kiingereza, wanaitamka mpaka leo katika neno lao la goti, "Knie". Wale wale waliojenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, na kutuachia neno shule, wangeisoma "knee" kwa kuanza na "k" bila kusita. Hali ni hiyo hiyo kwa "gh" ya "night", "light" na "daughter". Zamani palikuwa na sauti ya kooni inayokaribiana na ile ya mwisho wa neno sheikh, na Wajerumani bado wanayo katika "Nacht", "Licht" na "Tochter". Watoto wa Ujiji waliopitia madrasa wanaitoa sauti hiyo vizuri kuliko Waingereza wa leo, na mimi huwaomba waisome "night" kwa namna ya kale mbele ya wenzao, ili wote wasikie kwamba herufi zile zilikuwa na kazi.

Herufi nyingine zimenyamaza katika neno moja lakini zinasema katika ndugu yake. "Sign", alama, haina sauti ya "g", lakini "signal" na "signature" zinayo. "Muscle", msuli, imeificha "c" inayosikika katika "muscular". "Condemn", kulaani, imeimeza "n" inayorudi katika "condemnation". Hata "k" ya "know" hufufuka katika "acknowledge". Kwa hiyo tahajia ya Kiingereza inashika undugu wa maneno hata pale matamshi yanapouficha, na mwanafunzi anayeandika "sine" badala ya "sign" hajapungukiwa na kumbukumbu, amepungukiwa na mwalimu wa kumwonyesha "signature".

Ninaomba michango, hasa kutoka kwa walimu wenzangu na watu wa fani nyingine wanaotumia Kiingereza kazini.

Binti Kasulu aliandika:

Mwalimu, shikamoo, na asante kwa uzi huu. Mimi ni muuguzi, na ninaweza kuthibitisha kwamba bila koo za maneno nisingemaliza mwaka wa kwanza wa chuo. Lugha ya hospitali imejaa sehemu za maneno ya Kigiriki, na ukizijua chache unasoma jalada la mgonjwa bila kutetemeka.

Mwisho wa "itis" maana yake ni uvimbe unaoambatana na joto na maumivu katika kiungo kilichotajwa mwanzoni. "Hepatitis" ni wa ini, "arthritis" ni wa viungo vya mifupa, "tonsillitis" ni mafindofindo, "appendicitis" ni wa kidole tumbo, na "meningitis" ni wa utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo. Herufi "rrh", ambazo kila mwanafunzi wa uuguzi huzikosea, ni za kutiririka: "diarrhoea" ni kuhara, "gonorrhoea" ni kisonono, "catarrh" ni kamasi linalotiririka. Kuna "haemorrhage", kuvuja damu nyingi, ambayo inafanana nazo kwa herufi lakini imetoka katika kitenzi kingine cha Kigiriki chenye maana ya kupasuka, na tofauti hiyo inaleta maana kabisa kwa yeyote aliyewahi kuona mshipa uliopasuka.

Ninaongeza onyo moja. "Hyper" ni kuzidi na "hypo" ni kupungua. "Hypertension" ni shinikizo la juu la damu na "hypotension" ni la chini. Maneno haya mawili yanakaribiana sana kwa jicho na kwa sikio, hasa usiku wa zamu ndefu, lakini matibabu yake ni kinyume. Kwa sababu hiyo sisi wauguzi hatuwezi kuridhika na kukumbuka kwa kukisia. Ni lazima mtu aijue sehemu ya neno na maana yake kwa uhakika.

Mzee wa Isevya aliandika:

Mwanangu mwalimu, nimekusoma kwa makini nikiwa hapa Tabora, na nina hoja mbili za kupinga na swali moja.

Hoja ya kwanza ni kwamba maneno mengi yatawaangusha watoto wako. "Snake", "snow" na "snail" yana "sn", nayo hayana pua. "Glove" na "glue" yana "gl", nayo hayang'ai. "Write" na "wreck" yana "wr", na sioni msokoto wowote ndani yake. Mtoto akikutana na neno jipya akalibashiri kwa herufi mbili za mwanzo, atakosea mara nyingi, na atakosea akiwa na uhakika, jambo ambalo ni baya kuliko kutojua.

Hoja ya pili ni kwamba msamiati hukua kwa kusoma vitabu. Sisi tuliosoma zamani hatukufundishwa koo. Tulisoma kitabu mpaka kikachakaa. Mwalimu Nyerere alisoma hapa Tabora, akarudi kufundisha hapa hapa katika shule ya St. Mary's, na baadaye akazifasiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili. Sidhani kama uwezo ule ulijengwa kwa kuhesabu herufi za mwanzo wa maneno.

Swali langu ni kuhusu "ch". Kwa nini "church", "school" na "machine" zina "ch" moja lakini zinatamkwa kwa namna tatu? Wajukuu wangu wameniuliza, nami sikuwa na jibu la kuwapa.

Mwalimu wa Ujiji aliandika:

Binti Kasulu, marahaba, mwanangu. Nimeunakili mchango wako kwa ajili ya wanafunzi wangu wanaosoma baiolojia, na onyo la "hyper" na "hypo" nitaliweka ubaoni.

Shikamoo, mzee wangu. Hoja yako ya kwanza ninaikubali kwa sehemu kubwa. Koo hizi ni za kukumbukia maneno ambayo mtoto ameshakutana nayo, na hazifai kuwa chombo cha kubashiria maneno mapya. "Write" ilianza ikiwa na maana ya kukwaruza au kuchora juu ya kitu kigumu, na "glove" ina asili yake tofauti na mwanga. Ninapofundisha ukoo, ninawafundisha na majirani waliokaa katika nyumba hiyo bila kuwa ndugu, na wanafunzi wanatakiwa kuyaandika maneno hayo upande wa pili wa ukurasa. Kwa kweli wengi huyakumbuka majirani vizuri kuliko ndugu, kwa sababu yanashangaza.

Kuhusu kusoma vitabu, hatupingani hata kidogo. Tofauti ni kwamba wewe ulikuwa na kitabu cha kusoma mpaka kichakae, na mimi nina madarasa ambamo kitabu kimoja kinasomwa na watoto wengi kwa zamu. Pale ambapo vitabu ni haba, neno moja linapaswa kumfungulia mtoto maneno mengine matano. Chukua "port" ya Kilatini, yenye maana ya kubeba. Tabora na Ujiji zilikua juu ya mabega ya wapagazi waliobeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo, wengi wao wakiwa Wanyamwezi, na Waingereza walimwita mpagazi "porter". Mtoto wa huku akielezwa hivyo, anaelewa mara moja kwamba "export" ni kubeba kwenda nje, "import" ni kubeba kuingia ndani, "transport" ni kubeba kuvusha, na "portable" ni kitu kinachobebeka. Anaijifunza historia ya babu yake na msamiati wa biashara kwa pamoja.

Sasa swali la "ch", ambalo ninakushukuru kwa kulileta, kwa sababu linaonyesha kwamba herufi hueleza pia neno limetoka wapi. Maneno ya kale ya Kiingereza, pamoja na yale yaliyoingia mapema kutoka Ufaransa, yanatamkwa "ch" kama ya chakula: "church", "cheese", "child", "chair". Maneno yenye asili ya Kigiriki yanatamkwa "k": "school", "chemistry", "chorus", "echo", "stomach", "character". Maneno yaliyochukuliwa kutoka Kifaransa katika karne za baadaye yanatamkwa "sh": "machine", "chef", "parachute". Kuna jozi moja inayoeleza yote. "Chief", mkuu, na "chef", mpishi mkuu, ni neno moja la Kifaransa lililoazimwa mara mbili. Lilipoingia Zama za Kati, Wafaransa walikuwa bado wanatamka "ch" kama sisi, na lilipoingia tena katika karne ya 19 matamshi yao yalikuwa yamekwisha kubadilika kuwa "sh". Waambie wajukuu kwamba neno la sayansi lenye "ch" wajaribu kwanza "k", na lile la jikoni au mavazi ya kifahari wajaribu "sh".

Mwanafunzi wa Kibondo aliandika:

Shikamooni wakubwa wangu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne. Mwalimu, ninaomba msaada kuhusu "ough", kwa sababu "though", "through", "cough", "tough" na "thought" yana herufi zilezile nne na kila moja linasomwa kivyake. Pili, ninaomba kujua kama "b" ya mwisho katika "lamb" na "thumb" nayo ilikuwa inatamkwa zamani kama "k" ya "knee".

Mwalimu wa Ujiji aliandika:

Marahaba, mwanangu. Maneno yote ya "ough" uliyoyataja yalikuwa na ile sauti ya kooni niliyoieleza juu. Sauti hiyo ilipodhoofika, maneno yaligawanyika: katika mengine ilipotea kabisa, kama "though", "through" na "thought", na katika mengine iligeuka kuwa "f", kama "cough", "tough", "rough", "enough" na ndugu yao "laugh". Irabu nazo zikaenda kila moja kwa njia yake, huku tahajia ikiwa imekwisha kukaa katika vitabu vilivyopigwa chapa. Usitafute kanuni ya kukuambia lipi lilikwenda wapi. Maneno ya "f" ni machache, yaandike peke yake uyajue kwa majina, na yaliyobaki yahesabu kuwa hayana sauti hiyo.

Kuhusu "mb", jibu ni ndiyo kwa baadhi na hapana kwa mengine. "Lamb", mwanakondoo, "comb", kitana, na "climb", kupanda, yalikuwa na "b" ya kweli iliyotamkwa. "Thumb", kidole gumba, "limb", kiungo cha mwili, na "crumb", chembe ya mkate, hayakuwa nayo katika Kiingereza cha Kale. Waandishi waliiongeza baadaye kwa kufuata mfano wa yale mengine. Hata hivyo "b" hiyo ya kuongezwa inatamkwa waziwazi katika "crumble", kumeguka vipande vidogo vidogo, na katika "thimble", kikofia cha kidole anachokivaa fundi wa kushona ili sindano isimchome, ambacho kimepata jina lake kutoka neno lile lile la kidole gumba. Yaandike maneno haya katika ukurasa mmoja, yale yenye "b" ya asili upande wa kushoto na yale ya kuongezwa upande wa kulia, kisha utuletee hapa majirani utakaowapata katika kamusi.